Ryszard Kapuściński: alisoma historia, akaja Dar 1962 kuripoti siasa. Shahidi, au alitunywesha chai?

Kalamu ya Mzizima (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Miaka kadhaa iliyopita, pale Posta kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu chini, nilinunua kitabu cha Kiingereza kilichong'oka jalada. Shilingi elfu mbili. Nilikifungua katikati nikakutana na Dar es Salaam: mwandishi mgeni, mgonjwa, hana hela, mwaka 1962. Nikalipa bila kubishana bei. Mwandishi ni Mpolandi, Ryszard Kapuściński. Tangu siku hiyo nimemsoma karibu chochote kilichotafsiriwa, na nimewasoma waliomwabudu na waliomvua nguo. Leo nashusha ninachokijua. Mwenye haraka apite tu.

Alizaliwa 4 Machi 1932 Pińsk, mji wa mabwawa uliokuwa mashariki mwa Poland, leo upo Belarus. Baba na mama wote walimu. Akiwa na miaka saba, Septemba 1939, Wajerumani wakaingia kutoka magharibi, na tarehe 17 Jeshi Jekundu likaingia kutoka mashariki. Familia ikakimbia, ikaja kutua karibu na Warszawa. Katika maandishi yake viatu havikomi kurudi, kwa sababu kuna majira ya baridi ya vita aliyoyapitia hana viatu vya maana. Baadaye alisema Afrika haikuwa ngeni kwake kwa kuwa alishaiona Pińsk. Shikeni hilo, nitalirudia.

Chuo Kikuu cha Warszawa alisoma historia. Huku anasoma, huku anaandikia gazeti la vijana, Sztandar Młodych, yaani Bendera ya Vijana. Alikuwa mwanachama wa chama tawala na ameandika mashairi ya kusifu kama vijana wengi wa wakati ule. Alipomaliza katikati ya miaka ya 1950 akawa njia panda: abaki chuoni akichimbua ya wafu, au aende kuiona historia ikiwa bado jikoni, chungu hakijaepuliwa. Amelieleza hilo mwenyewe mara nyingi kwenye mahojiano. Akachagua jikoni.

Moto wa kwanza aliushika 1955. Serikali ilikuwa inajenga mji wa mfano wa wafanyakazi wa chuma, Nowa Huta, karibu na Kraków. Magazeti yote yakawa yanaupamba. Kapuściński, miaka 23, akaenda, akarudi na makala inayosema watu wanaishi vibaya, wanakunywa kupita kiasi, wakubwa hawasikii. Kichwa chake kilikuwa kwamba huu nao ni ukweli kuhusu Nowa Huta. Ikawa kasheshe, ikabidi ajifiche kwa muda. Tume ikaundwa, ikaenda, ikakuta aliyoandika ni kweli. Mwaka uliofuata akavishwa Msalaba wa Dhahabu wa Heshima na serikali ileile.

Kisha akaomba kitu kidogo tu: avuke mpaka. Mpaka wowote, hata Chekoslovakia ya jirani. Mhariri wake, Irena Tarłowska, mwaka 1956 akamtuma India. Hajui Kiingereza. Mkononi akampa kitabu cha Herodotus, yule Mgiriki tunayemwita baba wa historia. Kitabu hicho alitembea nacho maisha yake yote.

Naendelea muda si mrefu, nachaji simu.

Kijiti

Naweka kambi hapa. Mkuu usituache njiani kama ule uzi wa reli.

Dogo Habari

Mimi niko mwaka wa pili uandishi wa habari. Jina lake mwalimu alilitaja mara moja tu akasema "huyu msimuige". Hakueleza kwa nini. Tiririka mkuu.

Kalamu ya Mzizima

Nimerudi.

Ghana alifika mwishoni mwa miaka ya 1950, Nkrumah akiwa ameshika dola na Accra yote inanukia uhuru. Halafu Kongo. Nitawaachia majirani wa kule waiseme wenyewe kama wapo humu. Mimi nataka nikae Dar.

Mwaka 1962 Shirika la Habari la Poland, PAP, lilimtuma afungue ofisi. Tanganyika ina miezi tu tangu uhuru wa Desemba 9. Msiione ofisi ya vioo na gari lenye bendera. PAP ilikuwa maskini, na yeye alikuwa mtu mmoja wa bara zima. Marehemu baba yangu alikuwa opereta wa teleksi Posta, ile mashine ya kutuma maandishi kwa waya, kwa hiyo hili nalijua kwa kulisikia mezani: habari ilikuwa inalipiwa kwa neno. Kila neno unalotuma nje lina bei yake, na mwandishi wa shirika maskini anajifunza kuandika mapinduzi ya nchi nzima kwa maneno ya barua ya posa. Waandishi wa mashirika makubwa ya Magharibi walikuwa wanatuma kurasa. Yeye anahesabu vidole.

Kwa nini Dar? Kwa sababu wapigania uhuru wote walikuwa wanapita hapa. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilizaliwa hapa Juni 1962. Kapuściński ameandika jinsi alivyokuwa anakwenda kukaa New Africa Hoteli, na meza zile zilikuwa na watu kama Mondlane wa FRELIMO na Karume wa Zanzibar, wanakunywa kitu wakisubiri nchi zao. Mwandishi aliyesomea historia akikaa baraza lile anajua anaangalia nini, hata kama wenyewe bado wanaazimana nauli.

Aliuona mji uliokatwa vipande vitatu ambavyo wazee wetu waliviita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Yeye mzungu asiye na pesa za kuishi kizungu.

Oktoba 1962 akaondoka na Mgiriki mmoja kwa Land Rover kwenda Kampala kwenye uhuru wa Uganda. Njiani kuna kisa cha nyoka nitakachokiruka. Alipofika akaangushwa na malaria ya kichwani, akalazwa Mulago. Akapona. Amerudi Dar, akaanza kukonda na kutema damu. Kifua kikuu.

Hapa ndipo nampenda. Akiwaambia Warszawa watamrudisha nyumbani kwa matibabu, na akirudi hapati tena nafasi ya Afrika. Basi akanyamaza. Akajiunga na foleni ya kliniki ya serikali, ya bure, pamoja na watu wa Uswahilini, akawa anadungwa sindano kila siku. Ameandika kwamba kabla ya hapo watu walikuwa wanamkwepa, mzungu ni mzungu. Alipoonekana foleni anakohoa kama wao, mlango ukafunguka, wakaanza kumkaribisha. Ndiyo maana nikasema mshike habari ya Pińsk na viatu.

Mwalimu Tausi

Asante sana mleta uzi. Nafundisha historia sekondari, mkoa nauhifadhi. Nyongeza ndogo: huyu bwana amefika Dar akiwa na shahada ya historia wakati ambapo historia yetu yenyewe ndiyo kwanza inatafutiwa chumba. Terence Ranger alifika 1963 kuanzisha idara ya historia chuo kikuu cha Dar, Walter Rodney akaja 1966, na mwishoni mwa miaka ya sitini wanafunzi wakatumwa vijijini kusini kuwauliza wazee waliokumbuka Maji Maji. Wale walikaa chini na wazee, wakaandika jina, kijiji na tarehe. Nauliza: Kapuściński akiwa na mafunzo yaleyale, majina na tarehe zake ziko wapi?

Sijauliza kwa ubaya. Nauliza kwa sababu kidato cha kwanza kabisa tunawafundisha watoto vyanzo vya historia.

Kijiti

Mwalimu kaingia na kiboko mapema 😂

Mkunazini

Assalaam alaykum. Bwana Kalamu, umeruka Januari 1964, nami najua kwa nini umeruka. Unguja si pahala pa kupitia kwa mzaha.

Nimekisoma hicho kisa chake. Asokijua nampa kwa ufupi: mapinduzi yametokea tarehe 12, waandishi wa kigeni wamekwama Nairobi, uwanja wa ndege wa Unguja umefungwa. Yeye anasimulia kwamba alimpata Mzee Karume kwa simu, akaomba ruhusa, akapewa, wakapanda ndege ndogo. Wakaona waliyoyaona siku chache. Kisha wakasikia wanajeshi wa bara wameasi, kambi ya Colito kule Dar, tarehe 20, wakataka kukimbilia habari mpya. Wakatafuta mashua ya mashine, bahari ikachafuka, ikawarudisha Unguja. Hadithi tamu, haikuachii upumzike.

Lakini angalia nani yumo humo. Waandishi wamo. Rubani yumo. Okello yumo na vitisho vyake vya redioni, yule mtu wa Lango, Uganda, aliyejipa cheo cha Field Marshal na kabla ya Muungano wa Aprili alikwisha ondolewa visiwani. Bahari imo. Watu wa mjini hawamo. Bibi yangu siku hizo alikuwa nyuma ya mlango uliokomewa, na mpaka anaondoka duniani hakutaka kusimulia. Mgeni hawezi kulaumiwa kwa kutomjua bibi yangu. Ila msinambie kwamba hiyo ni historia ya Zanzibar. Hiyo ni historia ya waandishi waliokwenda Zanzibar.

Kalamu ya Mzizima

Mkunazini, wa alaykum salaam. Niliruka kweli, na sababu umeisema. Sina cha kuongeza hapo isipokuwa kwamba sentensi yako ya mwisho ningeiandika ndani ya jalada la kitabu changu kama kingekuwa na jalada.

Jirani wa Buja

Amahoro bandugu. Mleta uzi kaomba majirani.

Kongo alikwenda baada ya kusikia hali imechafuka, akapita Misri na Sudan pamoja na wenzake wa Chekoslovakia mpaka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Watu wa Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, ndio waliokuwa wanashika mji. Lumumba ameuawa 17 Januari 1961, na mzungu yeyote barabarani alikuwa anafikiriwa Mbelgiji. Hao nao hawakuwa na namna ya kueleza kwamba kuna wazungu wa aina nyingine. Wakatoka kwa ndege, wakajikuta Usumbura, yaani Bujumbura yetu, ambapo wakati ule Wabelgiji walikuwa bado wanatawala. Askari wa miavuli wa Kibelgiji wakawafungia uwanja wa ndege. Yeye anasema waliandaliwa kuuawa, kisha wakaachiliwa.

Kwa hiyo Stanleyville walikuwa hatarini kwa sababu ni wazungu, na Usumbura kwa sababu ni wakomunisti. Hiyo sehemu mimi naiamini yote. Ndivyo mambo yalivyokuwa hapa.

Dogo Habari

Mbona mpaka sasa sioni ubaya? Kwa nini tuliambiwa tusimuige?

Msukuma wa Kirumba

Dogo, subiri mimi nikupe. Nimezaliwa Mwanza, baba mvuvi, na nimefanya kazi kiwanda cha minofu.

Kwenye kile kitabu kikubwa cha Afrika kuna sura ya Idi Amin. Mwisho wake anasimulia kwamba yuko sokoni Kampala, wavuvi wakaleta samaki mmoja mkubwa ajabu, mnene, wakamtupa mezani. Watu wakanyamaza. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu anajua watu wa Amin walikuwa wanatupa maiti ziwani, na samaki wamenenepea hapo. Ukisoma unasisimkwa mwili.

Sasa wakuu, samaki mkubwa mnene wa Ziwa Victoria ni nani? Ni SANGARA. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, katoka maji mengine. Akala furu wote, wale samaki wadogo wa ziwani, akanenepa kwa furu. Anafikisha uzito wa mtu mzima na zaidi bila kuhitaji Amin. Amin aliua watu, na maiti zilitupwa majini, hilo hakuna anayelikataa. Ila ukubwa wa yule samaki hauna siri. Mwulize mtoto yeyote wa Kirumba.

Mtu aliyesomea historia angeuliza swali moja tu pale sokoni: huyu samaki anaitwaje?

Kijiti

Sangara kamwumbua mzee wa watu. Chai ya maziwa hii.

Kalamu ya Mzizima

Msukuma, umenipokonya mfano niliokuwa nimeuweka akiba. Sawa, twende kwenye lawama, maana zipo na si za kubahatisha.

Kubwa ni kitabu chake cha Ethiopia, Cesarz, yaani Mfalme, cha 1978. Haile Selassie amepinduliwa 1974. Kapuściński anasema alikwenda Addis Ababa, akawatafuta usiku usiku waliokuwa watumishi wa ikulu, wakamsimulia. Majina hakuna, herufi tu. Mmoja anasema kazi yake kwa miaka kumi ilikuwa kufuta mikojo ya kijibwa cha mfalme, Lulu, kwenye viatu vya waheshimiwa. Nani atasahau hicho? Kitabu kikawa maarufu dunia nzima.

Lakini Wapolandi waliposoma walicheka kwa sababu nyingine. Waliona ikulu ya kwao, chama chao chini ya Edward Gierek, mkubwa wa Poland wakati ule, wanaojipendekeza, wanaosengenyana, wanaosubiri kuitwa. Wale watumishi wa Addis wanaongea Kipolandi cha kale cha mapambo ambacho Mpolandi anakijua, si Kiamhari. Ndiyo siri ya kitabu kupita kwa wakaguzi wa serikali: kinamsema mfalme Mwafrika aliyeanguka, nani atakizuia?

Sasa jiulizeni. Ujanja mzuri dhidi ya wakubwa wa Warszawa, gharama kalipa nani? Ethiopia. Mwaka 2001 mwandishi Mwingereza John Ryle, anayeijua Pembe ya Afrika kwa kukaa, aliandika uchambuzi mkali: vyeo vya ikulu vimekosewa, na lile dai kwamba Haile Selassie alikuwa hasomi wala kuandika halisimami, mfalme yule alikuwa msomaji. Ryle akasema pia kwamba jamaa anageuza Afrika kuwa pahala pa maajabu ambapo lolote linaweza kutokea, kwa hiyo lolote linaweza kuandikwa.

Na kuna kejeli ambayo mimi mwenyewe naiona kila nikifungua. Kitabu chake cha 1998, Heban, maana yake mpingo, kinaanza kwa kuonya kwamba bara hili ni kubwa mno, halielezeki, na zaidi ya jina la ramani hakuna kitu kimoja kiitwacho Afrika. Vizuri sana. Kurasa chache mbele anaanza: Mwafrika huuona wakati hivi, Mwafrika huamini hivi. Basi linaondoka likijaa, na ukiuliza saa ngapi unaonekana umetoka mwezini.

Kijiti

Hapo kwenye basi mkuu hakudanganya lakini. Leo asubuhi nimekaa kwenye Noah dakika 50 tunasubiri mtu mmoja wa mwisho. Mwambieni Ryle aje apande.

Mwalimu Tausi

Kijiti 😂 Basi kusubiri kujaa ni hesabu ya mafuta na tajiri anayedai hesabu jioni. Si falsafa ya wakati. Huo ndio uchungu wangu: jambo lenye sababu ya kawaida linapewa sababu ya roho.

Dogo Habari

Nimeanza kuelewa. Lakini je, alidanganya na kuhusu maisha yake mwenyewe? Maana nimeona mahali kwamba alishuhudia mapinduzi 27, akafungwa mara 40, akaponea kuuawa mara 4.

Kalamu ya Mzizima

Hizo namba ni za majalada ya vitabu na utangulizi wa mihadhara. Ziliruka kutoka jalada hili kwenda lile, hakuna aliyekaa kuzihesabu.

Mwaka 2010, miaka mitatu baada ya kifo chake, Artur Domosławski alitoa wasifu wake. Huyu si adui. Ni mwandishi wa Poland aliyemwona Kapuściński kama mwalimu na rafiki. Mjane, Bi Alicja, alikwenda mahakamani kutaka kitabu kizuiwe, hakufanikiwa. Humo ndimo ilipoonekana kwamba ule urafiki na Lumumba uliotangazwa kwenye majalada ya Kiingereza hauwezekani, tarehe hazikutani. Che Guevara naye hivyohivyo. Kwa miaka mingi yaliandikwa juu yake naye hakuyasahihisha. Hata kisa cha baba yake kuponea kupelekwa Katyń, kule Wasovieti walikowaua maafisa wa Kipolandi 1940, hakikusimama.

Kuna na la ushushushu. Mwaka 2007 jarida moja la Poland lilichapisha kwamba jalada lake limepatikana, alishirikiana na idara ya ujasusi ya serikali ya kikomunisti kati ya 1967 na 1972. Wakati huo sehemu kubwa yuko Amerika ya Kilatini. Kilichokutwa ndani hakikuwa kizito. Kwa mwandishi wa nchi ile kutumwa nje bila kuulizwa maswali na wakubwa hao ilikuwa ndoto. Wengine hawamsamehi, wengine wanasema nani angepewa pasi ya kusafiria bure. Mimi hili halininyimi usingizi. Sangara ndiye anayeninyima.

Mkunazini

Haya, umemvua. Mvishe basi. Hukuanzisha uzi wa kurasa zote hizi kwa mtu usomthamini.

Kalamu ya Mzizima

Nilikuwa nasubiri mtu aniombe.

Nendeni kwenye kitabu cha Angola, cha 1976. Mwaka 1975 Wareno wanaondoka Luanda. Uhuru umepangwa Novemba 11, vyama vitatu vina bunduki, Afrika Kusini inaingia kutoka kusini. Kila mwenye akili anatafuta ndege. Yeye anaingia, anachukua chumba hoteli ya Tivoli, anakaa miezi mitatu.

Na anaandika nini? Makreti. Wareno wanapakia maisha yao kwenye masanduku ya mbao: friji, vitanda, picha za harusi. Mbao zikaadimika mjini, misumari ikaadimika. Kila mtaa unasikia nyundo. Mwenye pesa ana kreti kubwa kama nyumba, maskini ana kijisanduku cha vipande. Mpaka kukawa na miji miwili, Luanda ya mawe iliyobaki tupu na Luanda ya mbao iliyosimama bandarini. Kisha ile ya mbao ikapakiwa melini, ikaondoka baharini. Wazima moto wameondoka, polisi wameondoka, wazoa taka wameondoka. Mbwa wa kifahari walioachwa wanazurura kundi kundi.

Halafu, ndani ya kitabu hichohicho, ameweka mazungumzo yake ya teleksi na Warszawa kama yalivyotoka kwenye mashine. Usiku, yeye Luanda, mwenzake upande wa pili, wanaulizana hali, habari, laini isikatike. Hakuna mapambo. Anasema nani kashika mji gani, maji yamekatika, hajala. Mimi nikizisoma zile namwona baba yangu na zile karatasi za teleksi anazorudi nazo nyumbani tuchoree nyuma.

Nionavyo mimi, mwanahistoria hakufa ndani yake. Alibaki kwenye teleksi. Habari alizotuma PAP zilikuwa na tarehe, jina na mahali, kwa sababu kila neno lilikuwa na bei na mhariri yuko macho. Husemwa alikuwa na madaftari mawili, moja la shirika, moja lake. Lile la shirika ndilo lingemjibu Mwalimu Tausi. Lile lake ndilo dunia ilitafsiri. Angola ni mahali ambapo madaftari yote mawili yalifungwa pamoja, na yeye anasema "mimi niliona", hasemi "Mwafrika huona".

Yaliyobaki napita mbio: vita vya siku nne kati ya Honduras na El Salvador, Julai 1969, vilivyokuja baada ya mechi za kufuzu Kombe la Dunia ingawa mzizi ulikuwa ardhi na wakulima wahamiaji, Iran ya mapinduzi, kitabu kikatoka 1982, safari ndefu ndani ya Umoja wa Kisovieti ukiwa unabomoka, kitabu cha 1993, ambamo anaanza na Pińsk na wale askari wa 1939. Kadi ya chama aliirudisha baada ya sheria ya kijeshi ya Desemba 1981. Kitabu chake cha mwisho kikubwa, 2004, ni safari na yule Herodotus aliyepewa na mhariri. Akafa Warszawa 23 Januari 2007.

Na Herodotus mwenyewe, wakuu, tangu zamani walikuwepo waliomwita baba wa uongo.

Mwalimu Tausi

Basi nimepata somo la kidato cha tatu. Nitawapa kurasa za makreti na kisa cha samaki, bila kuwaambia chochote, niwaulize kipi wangekitumia kama chanzo na kwa nini. Msukuma, naomba ruhusa nitumie maelezo yako ya furu na sangara.

Msukuma wa Kirumba

Ruhusa unayo mwalimu. Na ukifika Mwanza nitakuonesha sangara wa kilo 60 ambaye hajala mtu.

Dogo Habari

Nimewaelewa wote. Lakini niseme ukweli: kile kipande cha samaki ningekiandika hata mimi. Nani sokoni angeniuliza?

Kijiti

Mleta uzi, swali la mwisho. Umesema kitabu ulinunua elfu mbili. Kwenye ule uzi wa vitabu vya mitumba mwaka juzi uliandika hichohicho kitabu, hakina jalada, Posta, ELFU TANO. Nimeutafuta, upo. Ipi ni ipi?

Kalamu ya Mzizima

Kijiti wewe ni mtu mbaya. Ngoja nikakitoe kabatini.

Kalamu ya Mzizima

Nimekitoa. Ukurasa wa kwanza, kona ya juu, muuzaji kaandika kwa penseli: 3,500.